Rumanyika ni nani?

Wadau, juzi nilikuwa stendi ya Kayanga natafuna zangu akamwani, nikamuuliza dogo wa bodaboda: Rumanyika ni nani? "Si mbuga ile, bro?" Sikumcheka. Kweli, tangu 2019 ni jina la Hifadhi ya Taifa Rumanyika-Karagwe. Lakini Rumanyika alikuwa mtu, tena Omukama wa Karagwe, aliyempokea Speke mwaka 1861. Makao makuu ya ufalme yalikuwa Bweranyange, humu humu wilayani! Mgeni anayekwenda kuona wanyama anapita mjini kwetu, anakula ndizi, anaondoka bila kumsikia mfalme. Bango moja tu pale stendi ni shilingi ngapi jamani? Nami nisijifanye mjuzi: Bweranyange niliijulia chuoni Dar, kwenye kitabu cha Mzungu.