Kirangozi wa Kompyuta

Katika karne ya 19 msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Ujiji uliongozwa na kirangozi, na ulipofika Tabora wapagazi wengi walibadilishwa. Kompyuta nayo huamka kwa kupokezana. Katika zile za mtindo wa zamani, programu iliyomo katika bodi kuu husoma baiti 512 za mwanzo wa diski. Hizo huita programu kubwa zaidi, nayo hupakia kiini cha mfumo endeshi katika kumbukumbu na kukikabidhi uongozi. Kirangozi akipotea, mizigo ingalipo: mafaili yaweza kuwa salama. Yafaa wanafunzi, wa Tabora na kwingineko, wafundishwe hatua hizi, ili shule isitupe mashine iliyopungukiwa na programu ndogo tu.