Mwizi au mzimu? Kamera yako usiku inaona nini

Sogea karibu, maana leo tunaongelea ulinzi wa nyumbani kwako.

Siku hizi ukipita Sinza, Tabata au Kijitonyama, si ajabu kuona kijikamera kimening'inia barazani. Mchana mambo safi, hata kuku wa jirani unamtambua. Likiingia giza, kasheshe! Anayepita getini huelewi kama ni mtu au mzimu.

Usicheke, ishu hii si ya mchezo. Kibaka anang'oa saiti mira saa nane za usiku, asubuhi picha yenye chenga inarushwa kwenye makundi ya simu. Mmoja anasema, "Mbona kama yule dogo wa gereji?" Kofia inafanana, urefu unafanana, lakini uso hakuna aliyeuona. Hujakaa sawa, kijana wa watu ameshazungukwa na mawe na matairi. Picha mbovu inaweza kuua asiyehusika, na mwizi mwenyewe akawa anaangalia pembeni.

Kwanza ujue kinachotokea. Kamera inaishi kwa mwanga. Ukipungua, inafanya mambo mawili. La kwanza, inaacha jicho lake wazi muda mrefu zaidi ili iokoteze mwanga kidogo kidogo. Mtu anayetembea mita moja na nusu kwa sekunde, kamera ikifumbua jicho kwa sehemu ya 10 ya sekunde, anakuwa amesogea sentimita 15. Huo ni kama upana wa kichwa chake! Ndiyo maana anatokea kama moshi. La pili, inakuza ule mwanga kidogo kwa nguvu, na hapo ndipo chenga zinapozaliwa.

Sasa tiba, tuanze na zisizokula mshiko. Chukua kitambaa laini, futa lenzi na utoe utando wa buibui. Kamera nyingi zina vitaa vya infraredi, mwanga ambao macho yetu hayauoni. Vumbi na utando ulio karibu na lenzi unaurudisha mwanga huo, picha inakuwa nyeupe kama ukungu. Kwa sababu hiyohiyo, usiiweke kamera nyuma ya kioo cha dirisha, itajimulika yenyewe. Na kama ukuta au dari imeingia pembeni mwa picha, igeuze kidogo. Ukuta wa karibu ukiwaka, kamera inadhani kuna mwanga wa kutosha, inapunguza nguvu, na geti la kule mbali linabaki giza totoro.

Pili, washa taa. Balbu moja ya LED getini inashinda ujanja mwingi wa kwenye boksi. Ila iwe juu au pembeni ya kamera, ikimulika kule inakotazama. Taa ikiwa nyuma ya mtu, utapata kivuli cheusi tu. Kumbuka pia kwamba umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaomfikia mtu unabaki robo. Kwa hiyo boksi likisema infraredi inafika mita 30, elewa kwamba huko mwisho utajua kuna mtu, lakini si lazima umjue ni nani. Kamera ya getini ikae karibu na geti, kwenye mita mbili na nusu kwenda juu. Ukiipandisha mpaka kwenye paa, utakusanya picha za kofia.

Tatu, ingia kwenye mipangilio. Kama inaruhusu, zuia jicho lisikae wazi zaidi ya sehemu ya 25 ya sekunde. Kile kipengele cha kupunguza chenga usikipandishe hadi mwisho, kinapaka sura kama siagi. Na kama kamera inazima na kuwaka usiku tu, mwulize fundi kuhusu waya. Vitaa vya infraredi vikiwaka vinadai umeme zaidi, na waya mwembamba mrefu unaufikisha ukiwa umechoka.

Ukienda dukani, usidanganywe na megapikseli peke yake. Angalia lenzi: iliyoandikwa f/1.0 inapitisha mwanga mara nne ya ile ya f/2.0. Angalia pia ukubwa wa sensa, kubwa inakusanya mwanga mwingi zaidi.

Halafu kuna hizi programu za akili bandia zinazosafisha sura. Kaka, dada, kuwa makini! Kuongeza mwanga kwenye picha hakuna noma. Lakini pale ambapo kamera haikunasa uso, programu inabuni pua na macho kutoka kwenye sura nyingine ilizofundishwa. Inakutolea mtu safi kabisa, anayependeza, ambaye hakukanyaga kwako. Huyo ukimtangaza kuwa mwizi, umemtafutia balaa mtoto wa mwenzio.

Kwa hiyo ukiibiwa, tunza video ile ya mwanzo kama ilivyo, hakikisha saa ya kamera ilikuwa sahihi, ipeleke polisi. Makundi ya simu yasubiri.

Usiku wa leo, kabla hujalala, mwambie mwenzako apite getini kwa mwendo wake wa kawaida, kisha itazame video. Usipomtambua mtu unayekula naye, mwizi utamtambuaje?

Haya, tukijaaliwa, wiki ijayo!