Nasaha za Nyumbani: Msiyacheke Maneno ya Bibi



Ndugu wasomaji wapenzi, mwezi uliopita bibi mmoja alikuja chuoni kwangu hapa Masasi, wakati wa adhuhuri, kumchukua mjukuu wake. Bibi huyo ni mtu wa Newala, na Kiswahili chake kimechanganyika na Kimakonde. Jua lilikuwa kali, akaniomba “medi” ya kunywa. Mjukuu wake akacheka, akamwambia mbele ya wenzake: “Bibi, si medi, ni maji!” Chuo kizima kikaangua kicheko. Yule mama akainamisha uso, akanywa, akashukuru kwa sauti ndogo, akaenda zake.

Nilitaka kumkanya yule mtoto kwa ukali, lakini ulimi wangu ukawa mzito, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikwisha kulitenda jambo lile lile.

Mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa katika uwanda wa juu wa Makonde, ambako zamani wanawake walishuka mteremko mkali kwenda kutafuta maji bondeni, kisha wakayapandisha kichwani. Alikuwa na msemo wa nyumba yetu, ambao kwa Kiswahili maana yake ni hii: Aliyechota bondeni hamwagi mlangoni. Alitwambia hivyo tulipobakiza chakula sahanini, na hata jirani alipotaka kuivunja ndoa ya miaka mingi kwa ugomvi wa siku moja. Nilipomaliza darasa la saba nikajiona nimekwisha elimika. Siku moja wakaja wageni, mama akautamka msemo wake kwa lugha ya kwao, nami nikamcheka na kumsahihisha mbele yao. Hakunijibu neno. Tangu siku ile hakuusema tena mbele ya watu.

Leo maana ya msemo ninayo, lakini ndani yake mlikuwa na neno moja ambalo mama alilitumia kwa maji yale ya bondeni tu, wala si kwa maji ya mvua. Neno hilo limenipotea. Nimewauliza jamaa zangu, nao hawalikumbuki. Waliolijua wamekwisha tutangulia.

Basi vijana wetu, fikirini. Mmakonde asema medi, Myao asema mesi, na sisi twasema maji. Mwenye kusikiliza vizuri ataona kuwa maneno haya ni ndugu wa tumbo moja. Medi si maji yaliyoharibika mdomoni mwa bibi. Ni neno kamili, nalo lina wenyewe.

Tena hicho Kiswahili sanifu mnachojivunia kilichaguliwa na watu. Mwaka 1930 iliundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki, na Kiunguja ndicho kilichowekwa kuwa msingi wa vitabu vya shule. Lahaja nyingine hazikuachwa kwa kuwa na makosa. Ilihitajiwa moja itakayosomwa na wote. Watu wa Lamu husema mato, sisi twasema macho. Husema ndia, sisi twasema njia. Mwana Kupona binti Msham, aliyemtungia binti yake utenzi wa mawaidha mwaka 1858, alitunga kwa lugha ya huko kwao kaskazini. Wataalamu wausoma utenzi ule kwa heshima mpaka leo. Lakini kama Mwana Kupona angeingia chuoni kwangu siku ile na kusema mato, naogopa kuwa watoto wangemcheka.

Katika hadithi sahihi tumepokea kuwa Sayyidna Umar alimsikia Hisham bin Hakim akisoma Sura ya Furqan kwa namna isiyokuwa ile aliyofundishwa yeye. Akamngoja amalize sala, akamshika kwa nguo yake, akampeleka kwa Mtume (s.a.w.). Mtume akaamrisha aachwe, akamsikiliza Hisham, kisha akamsikiliza Umar, na kila mmoja akamwambia kuwa ndivyo ilivyoteremshwa. Sisemi kwamba maneno ya nyumbani yana daraja ya kisomo cha Kurani, hasha! Nasema tujifunze adabu ile: kumsikiliza mtu kwanza, kabla ya kumwambia kuwa amekosa. Na katika Sura ya Rum, aya ya 22, tofauti za ndimi zetu zimetajwa kuwa ni miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu. Je, ishara ya Mola huchekwa?

Wenzetu walikwisha tambua thamani ya jambo hili. Huko Uingereza, Joseph Wright, aliyezaliwa mwaka 1855 katika jimbo la Yorkshire, alianza kazi tangu utotoni, akajua kusoma akiwa na umri wa miaka kama 15. Baadaye akawa profesa katika chuo kikuu cha Oxford, na kati ya mwaka 1898 na 1905 akatoa kamusi kubwa ya majuzuu 6 ya maneno ya vijijini, maneno ambayo waliosoma waliyadharau. Elimu haikumfanya aione haya lugha ya nyumbani kwao.

Mtihani wa shule uandikeni kwa Kiswahili sanifu, maana kila mahali pana lugha yake. Lakini kila nyumba na iwe na daftari moja. Jioni, baada ya sala ya Magharibi, mtoto akae karibu na bibi au babu, aandike neno moja au msemo mmoja, na maana yake, na siku ambayo husemwa.

Yule mtoto wa chuoni nilimtuma kesho yake aende kwa bibi yake kumwomba radhi, kisha amwombe na maneno mengine. Amerudi nayo kumi na moja. Mimi nimebaki kumwombea mama yangu maghfira, na kulitafuta lile moja.

Wabillahi tawfiq.