Kupona Sonona si Mwisho wa Tiba

Mtumishi wa umma akivunjika mguu, ofisi nzima huenda kumtazama hospitalini, na akirudi kazini akichechemea hutafutiwa meza iliyo karibu na mlango. Mtumishi huyo huyo akishikwa na sonona, ugonjwa wa huzuni nzito unaomnyima mtu usingizi, hamu ya kula na hata nguvu ya kushika kalamu, huandikiwa barua ya kujieleza. Na ikitokea akatibiwa akapona, kisha baada ya miezi minane ugonjwa ukamrudia, hukumu huwa imekwisha kutolewa kabla hajafungua kinywa: huyo ni mvivu, au mlevi, au anatafuta uhamisho.

Hukumu hiyo haina msingi wowote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 280 duniani walikuwa na ugonjwa huu, na waganga wanajua siku nyingi kwamba una desturi ya kurudi. Nusu au zaidi ya wale wanaopona mara ya kwanza huugua tena, na kila unaporudi, uwezekano wa kurudi tena huongezeka. Kwa hiyo yapo maswali mawili, wala si moja. La kwanza ni jinsi mgonjwa atakavyopata nafuu. La pili ni jinsi atakavyobaki mzima. Kwa muda mrefu juhudi kubwa ilielekezwa kwenye lile la kwanza.

Miongoni mwa wataalamu waliolishikilia swali la pili ni Steven Hollon, mwanasaikolojia wa tiba wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, mjini Nashville, Marekani. Mwaka 1977, akiwa bado kijana katika fani hiyo, alikuwa mmoja wa watafiti wanne waliochapisha matokeo ya wagonjwa 41, wengine wakiwa wamepewa dawa ya imipramini, wengine tiba ya fikra iliyoanzishwa na Daktari Aaron Beck wa Philadelphia. Tiba ya maneno matupu, kama wengi walivyoiona wakati ule, haikushindwa na dawa. Jambo hilo lilizua ubishi uliodumu miaka mingi.

Yafaa kueleza tiba hiyo ni kitu gani, maana wengi hudhani ni kumbembeleza mgonjwa au kumpa nasaha. La hasha. Tuchukue mfano wa mwalimu ambaye wanafunzi wake wameshindwa mtihani. Akiwa mzima, atasikitika, atatafuta sababu, ataendelea na kazi. Akiwa na sonona, atasema moyoni: "Mimi sifai, sijapata kufaa, na sitafaa kamwe." Asichokijua ni kwamba hayo ni mawazo tu, na wazo laweza kuwa kweli au uongo. Mganga hamwambii kwamba ni uongo. Humtaka aliandike wazo lile kwenye daftari, kisha aulize kama mkaguzi wa hesabu: ushahidi uko wapi? Wanafunzi wangapi walifaulu mwaka uliotangulia? Vitabu vilikuwapo? Je, mwenzake wa darasa la pili angepatwa na jambo hili, naye angemwita asiyefaa? Hupewa na kazi ya kufanya nyumbani, tena ndogo sana, kama vile kutoka nje kwa nusu saa au kumtembelea ndugu mmoja, ili aone kwa macho yake kama utabiri wake kwamba hakuna kitakachomfaa ni wa kweli. Ni kazi ngumu, na mgonjwa ndiye anayeifanya.

Swali la pili lilipata jibu la uzito katika utafiti ambao Hollon na mwenzake Robert DeRubeis wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliutangaza mwaka 2005. Wagonjwa 240, wenye sonona ya kadiri hadi kali, waligawanywa kwa bahati nasibu. Baada ya wiki 16, waliopewa dawa ya paroksetini na waliopata tiba ya fikra walikuwa sawa: asilimia 58 ya kila kundi walikuwa wamepata nafuu. Hapo tafiti nyingi zingefunga daftari. Hawa waliendelea kuwafuatilia wale 104 waliopata nafuu kwa miezi 12 zaidi. Waliotibiwa kwa mazungumzo waliachishwa tiba, wakaruhusiwa kumwona mganga mara tatu tu kwa mwaka mzima. Waliotibiwa kwa dawa waligawanywa: nusu waliendelea nayo, nusu, kwa ridhaa waliyokwisha kuitoa, walibadilishiwa vidonge visivyo na dawa ndani yake bila kujua ni nani amebadilishiwa.

Kati ya walioachishwa dawa, asilimia 76 walirudiwa na ugonjwa. Kati ya walioendelea na dawa, asilimia 47. Kati ya wale waliomaliza tiba ya fikra na kwenda zao, asilimia 31. Tofauti kati ya makundi haya mawili ya mwisho haikutosha kitakwimu kusema kwamba tiba ya fikra iliishinda dawa iliyoendelezwa. Lakini hata kuwa sawa nayo ni jambo kubwa, kwa sababu kundi moja lilikuwa bado linameza dawa kila siku, na jingine lilikuwa halipati chochote isipokuwa kile lilichojifunza. Dawa ni kama mwamvuli: mvua ikiwa bado inanyesha, anayeufunga hulowa. Mwenye daftari la fikra amefundishwa kuezeka.

Pamoja na hayo, asitokee mtu akatupa vidonge vyake jalalani kwa kusoma habari hizi. Kuacha dawa ghafla bila mganga kujua ni hatari. Tena utafiti wenyewe una mipaka yake, na watafiti hawakuificha. Tiba ya fikra ilifanya vizuri zaidi Philadelphia kuliko Nashville, na maelezo waliyoyatoa ni kwamba waganga wa Philadelphia walikuwa na uzoefu mkubwa zaidi wa tiba hiyo. Mganga asiyeijua vizuri hatoi matokeo yale. Na mwaka 2020 kundi hilo hilo la watafiti lilitangaza kwamba waliopona kwa dawa na tiba ya fikra kwa pamoja hawakuonekana kupata kinga ile pindi dawa ilipoondolewa. Kilichowakinga ni kuendelea na dawa. Kwa nini iwe hivyo bado ni suala la mabishano, na ni sifa ya Hollon kwamba hakulifunika.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya anasa, ya nchi ambako kila mtaa una mwanasaikolojia. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama usingekuwapo mfano wa Uganda. Mwaka 2002, katika wilaya za Masaka na Rakai zilizokuwa zimepigwa vibaya na UKIMWI, watafiti kutoka Marekani, miongoni mwao mwanasaikolojia wa tiba Helen Verdeli, waliifanyia majaribio tiba nyingine ya mazungumzo katika vijiji 30. Hawakuanza na majina ya ugonjwa ya Kizungu. Walianza na maneno ya wenyeji wenyewe: yo'kwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubazida, yaani kujihurumia. Viongozi wa vikundi walikuwa wenyeji wasio na taaluma ya tiba ya akili, waliofundishwa kwa wiki mbili. Wanawake walikaa na wanawake, wanaume na wanaume, saa moja na nusu kila wiki kwa wiki 16, wakazungumza misiba, ugomvi wa nyumbani na mabadiliko ya maisha yaliyowalemea.

Kabla ya hapo asilimia 86 ya waliohudhuria walikuwa na sonona. Baadaye hawakufika asilimia 7. Katika vijiji ambavyo havikupata vikundi, idadi ilishuka kutoka asilimia 94 hadi 55 tu. Na watafiti waliporudi miezi sita baada ya vikao rasmi kwisha, nafuu ile ilikuwa bado ipo.

Mkuu wa shule au mkuu wa idara hatakiwi kuwa mganga. Hata hivyo yeye ndiye mwenye kalamu ya ruhusa. Mwalimu aliyerudi kazini akiwa mzima, akaomba saa moja mara moja kwa mwezi aende kliniki, kwa kawaida huulizwa: "Si umekwisha kupona?" Ndiyo, amekwisha kupona, na saa hiyo moja anaiomba kwa sababu hiyo hiyo.