Muvi za kiangazi zaja, msimu wetu je?

Wasee, mmeanza kuweka doo ya tiketi? Mimi naisubiri The Odyssey ya Christopher Nolan, iliyopangiwa Julai 17, 2026, kama mtoto anayesubiri nguo za Krismasi. Huko Marekani ni kiangazi. Sisi Nairobi tutaingia sinema na majaketi, tukitetemeka.

Lakini msimu huu haukushuka kutoka mbinguni. Juni 1975, watoto wa shule wakiwa likizoni, Jaws ya Steven Spielberg ilitangazwa kwa fujo kwenye televisheni, ikafunguliwa katika mamia ya kumbi siku moja. Watu wakapiga foleni, studio zikajua wakati wa kuvuna.

Sasa sisi Desemba tunaifanyia nini? Shule zimefungwa, watu wako mapumzikoni, na bado muvi ya Kenya mara nyingi huonyeshwa siku chache, kimyakimya, ikapotea. Ilhali Nairobi Half Life ilionyesha mwaka 2012 kwamba mitaa yetu ikiwa kwenye skrini kubwa, tunakuja.

Ya Nolan nitaiona, siwadanganyi. Ila maprodusa na wenye kumbi, tupeni tarehe moja ya Desemba, na mpige kelele mapema. Doo ya tiketi ya pili naiweka kando.