Alama Zipoteazo Mezani

Huko Kibugu, katika Embu, mzazi auzaye kahawa ili apate karo humwuliza mwanawe kama amesoma vitabu vyake. Swali hilo ni jema, lakini halitoshi. Katika mtihani wa kidato cha nne, KCSE, ulioanza mwaka 1989, Kemia ina karatasi tatu: mbili za nadharia zenye alama 80 kila moja, na ya tatu ya vitendo yenye alama 40. Hizo 40 hupotea bure. Mwanafunzi ajuaye kanuni zote kwa ghibu hushika bureti, ule mrija wa kioo wenye mistari ya kipimo, akausoma jicho likiwa juu ya usawa wa maji. Hesabu yote ikapotoka. Mwingine huandika 24.5, kisha 24.60, akakatwa alama kwa tarakimu zisizolingana.

Mkulima hatashangaa. Achanganyaye dawa ya shaba ya kahawa kwa kukisia, akipunguza, ugonjwa huendelea. Akizidisha, fedha zimekwenda.

Basi mzazi na aulize pia: muhula huu mtoto ameshika bureti mara ngapi, na kwa mkono wake mwenyewe, au alisimama nyuma ya wenzake saba akitazama?