Mfinyanzi Hulia Gaeni: Magdalene Odundo na Deni la Wasomi wa Kiswahili

Wahenga walinena kuwa mfinyanzi hulia gaeni. Aghalabu methali hii hutumiwa kumsikitikia fundi ambaye huwafinyangia wengine vyungu vizuri ilhali yeye mwenyewe hupakuliwa chakula katika kipande cha chungu kilichovunjika. Hata hivyo, methali haifungwi na maana moja. Kuna nyakati ambapo alaye gaeni si mfinyanzi, bali ni jamii iliyomzaa. Mfano mwafaka ni msanii Magdalene Odundo, ambaye kazi zake zimehifadhiwa katika majumba makuu ya makumbusho ya London, New York na Washington, ilhali ni nadra kulisikia jina lake katika mihadhara ya sanaa na fasihi humu nchini.

Odundo alizaliwa Nairobi mwaka wa 1950, akapata elimu yake ya awali nchini Kenya na India. Taaluma aliyoanza kuisomea jijini Nairobi haikuwa ya udongo, bali ya uchoraji wa kibiashara. Mwaka wa 1971 alisafiri kwenda Uingereza kuyaendeleza masomo hayo, na ni huko ugenini alikovutwa na ufinyanzi. Katikati ya miaka ya 1970 alikwenda Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi kilichoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew katika mji wa Abuja wa zamani, ambao leo huitwa Suleja. Huko alijifunza kwa wanawake wa jamii ya Wagwari, akiwemo Ladi Kwali, waliofinyanga mitungi kwa mikono bila gurudumu. Kisha alisoma Farnham, na mwaka wa 1982 akahitimu shahada ya uzamili katika Royal College of Art, London.

Kazi zake zinafaa kuelezwa kwanza kabla ya kuhukumiwa. Odundo hatumii gurudumu. Huanza na bonge la udongo, akalitoboa na kuzivuta kuta zake ziinuke, kisha akaongeza udongo kidogo kidogo hadi shingo itokeze. Chombo kikishakauka kiasi, hukikwangua, akakisugua kwa kijiwe laini, akakipaka uji mwepesi wa udongo uliochujwa, na kukisugua tena mpaka king'ae. Mng'ao huo hautokani na rangi ya kupakwa bali na msuguo wa mkono. Motoni, hewa ikiwa tele, chombo hutoka na wekundu wa chungwa lililoiva. Kikichomwa mara ya pili kwa kunyimwa hewa, hugeuka cheusi. Kuna wakati moshi hukishika upande mmoja tu, rangi hizo mbili zikakutana begani mwake.

Vyombo hivyo havikufinyangwa ili vipike wala vitekewe maji. Baadhi vina shingo ndefu iliyoinama kando kama ya mtu anayesikiliza. Vingine vina tumbo lililojaa na kitako chembamba kiasi kwamba mtazamaji huhofia kuwa vitaanguka. Vingi havina majina ila maelezo mafupi ya umbo na rangi. Hii ndiyo sanaa dhahania: haisimulii kisa, haionyeshi sura ya mtu fulani, wala haitoi wasia.

Hapo ndipo malalamiko huanza. Wapo wanaouliza: chungu kisichopika kina faida gani? Wengine hudai kwamba sanaa ya aina hii ni anasa ya Wazungu, na kuwa sanaa ya Mwafrika sharti iwe na matumizi na ujumbe ulio bayana. Hoja hizi zina mvuto, lakini zikipimwa kwa makini hazisimami.

Kwanza, Kiswahili chenyewe kinazipinga. Mswahili hutaja mdomo wa mtungi, shingo ya mtungi, tumbo la mtungi na kitako cha mtungi. Aliyezibuni istilahi hizo alikuwa amekwisha kuliona umbo la binadamu ndani ya chombo cha udongo, bila kuhitaji macho wala pua kuchorwa juu yake. Huo ndio udhahania wenyewe: kuondoa sura na kubakiza umbo. Anachofanya Odundo ni kukiondoa chombo jikoni na kukiweka mahali ambapo mtazamaji hana budi kuliona lile ambalo lugha yake imekuwa ikilitamka siku zote. Pili, asili ya ufundi huu si ya kigeni. Mbali na mikono ya wanawake wa Kigwari, baadhi ya vyombo vyake vinakumbusha mitindo ya nywele ya wanawake wa Kimangbetu wa Kongo, ambao vichwa vyao virefu vilifinyangwa katika vyombo vya udongo vya jamii hiyo. Ni kweli pia kwamba amejifunza kutoka kwa wenyeji asilia wa New Mexico na kutoka katika sanaa ya kale ya Ulaya. Lakini ni msanii gani, au mshairi gani, aliyekunywa katika kisima kimoja tu?

Kiini cha tatizo, basi, ni mazoea ya kuainisha. Ufinyanzi umewekwa katika kundi la ufundi, nao uchongaji na uchoraji katika kundi la sanaa. Yamkini sababu mojawapo ni kwamba katika jamii nyingi za Kenya ufinyanzi ulikuwa kazi ya wanawake. Wanafasihi hawana haja ya kufunzwa madhara ya uainishaji kama huo. Mwaka wa 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipendekeza Idara ya Kiingereza ya Chuo Kikuu cha Nairobi iondolewe, na fasihi za Kiafrika, zikiwemo simulizi, ziwekwe katikati ya masomo. Kabla ya hapo, ngano ya bibi haikuhesabiwa kuwa fasihi. Itakuwa ajabu iwapo warithi wa ushindi huo wataendelea kuamini kwamba ngano ya bibi ni sanaa, ila mtungi aliokuwa akiufinyanga huku akiisimulia si sanaa.

Wengine wameamka mapema. Nigeria iliiweka picha ya Ladi Kwali akiwa kazini kwenye upande wa nyuma wa noti ya naira 20. Uingereza ilimtunukia Odundo nishani ya OBE mwaka wa 2008, ikampa cheo cha Dame mwaka wa 2020, na mwaka wa 2018 akawa mkuu wa heshima wa chuo kikuu cha sanaa za ubunifu mle Farnham alikosoma. Mwaka wa 2022 vyombo vyake vilionyeshwa katika maonyesho makuu ya Venice, Italia.

Haimaanishi kwamba Wakenya wasubiri sifa za ughaibuni ndipo nao washangilie. Kumsifu Odundo pekee huku mamia ya wafinyanzi wa vijijini wakiuza vyungu kwa bei ya kutupa kungekuwa ni kulia gaeni kwa namna nyingine. Heshima anayostahili ni ile itakayoanza naye na kuwafikia wao pia.

Hapa ndipo linapokuja deni la wasomi wa Kiswahili. Uhakiki wa sanaa za maonyesho na ushairi umekomaa katika lugha hii, ilhali uhakiki wa sanaa za umbo ungali mchanga mno. Mwanafunzi anayeweza kueleza vina na mizani hukosa maneno anaposimama mbele ya chombo cha Odundo. Maneno hayo yapo. Yamo vinywani mwa wanawake wazee wanaojua jina la kila aina ya udongo, la kila kijiwe cha kusugulia na la kila hatua ya kuchoma. Lakini sufuria za alumini na ndoo za plastiki zimekwisha kuchukua nafasi ya vyungu vyao, na msamiati huo unazikwa pamoja nao. Vyama vya wanafunzi vingeweza kuukusanya na kuuchapisha katika majarida kama hili, hata kabla ya serikali au wafadhili kuombwa chochote.

Udongo uwahi ungali maji. Ukishakauka haufinyangiki tena, na kitakachobaki ni magae ya kuokotwa na wageni.